Mwenye fungu kubwa hula hofu ya wenzake

Msomaji mpenzi, Jumapili hii tuzungumze juu ya karata. Usishtuke, wala usimfiche mtoto ukurasa huu. Hatumfundishi mtu kucheza kamari. Tunataka kuitazama hila moja ya mchezo wa poka ambayo, ukishaielewa, utaiona kila mahali: kwenye stendi ya teksi pale Airport, Changamwe, sokoni, kazini, na hata ndani ya simu iliyo mfukoni mwako.

Hila yenyewe ni hii. Katika mashindano ya poka, wanapobaki watu wachache kabla ya kufikia nafasi za zawadi, mchezaji mwenye fungu kubwa hatulii akalinda mali yake kama wengi wetu tungefanya. Huo ndio wakati anaposhambulia. Wala hashambulii kwa sababu amegawiwa karata nzuri. Anashambulia kwa sababu anajua wenzake wanaogopa.

Poka yetu na poka yao

Kwanza tuondoe utata. Mkenya ukimtajia poka, hukumbuka ule mchezo wa mabwenini na mabarazani, ambapo mtu akikaribia kumaliza karata zake ni sharti atangaze, "Niko kadi!" Humo mbili na tatu ni za kumlisha mwenzio, na anayebaki na karata tele mkononi ndiye anayechekwa. Katika poka hiyo wingi ni mzigo.

Karata zenyewe si ngeni hapa Pwani. Neno karata, pamoja na kopa, uru na turufu, tuliyapata kwa Wareno, wale wale walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Ngome waliiacha, na maneno ya karata pia wakayaacha.

Poka ya kimataifa ni mchezo mwingine kabisa. Katika aina inayochezwa zaidi, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote. Kabla na baada ya kufunuliwa, wachezaji huweka dau. Asiyetaka kulifikia dau la mwenzake hutupa karata zake na kusubiri mgao mwingine.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kushinda. Ya kwanza ni kuwa na karata bora mwishoni. Ya pili ni kuwafanya wote wengine watupe karata zao, hata kama zako ni takataka. Ishike hiyo njia ya pili, kwa maana ndiyo mada yetu.

Katika mashindano, kila mtu hulipa kiingilio kilekile na kupewa vipande vya plastiki kwa idadi sawa. Wenyewe huviita chipsi, lakini usifikirie viazi. Vipande hivyo si fedha, huwezi kuvipeleka dukani. Vikikuishia unatoka. Na usidhani unaweza kukaa kimya ukingoje wengine wamalizane, kwa sababu kuna dau la lazima linalozunguka meza, na kila baada ya muda hupandishwa. Anayengoja tu huliwa kidogo kidogo.

Zawadi hupewa wachache. Chukua mashindano makubwa kuliko yote, yale ya Las Vegas, Marekani, yaliyoanza mwaka 1970. Katika shindano kuu la mwaka 2024 waliingia watu 10,112, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 10,000. Waliopata zawadi walikuwa 1,517. Mshindi, Jonathan Tamayo, alipata dola milioni 10, na wa mwisho katika orodha alipata dola 15,000. Aliyeshika nafasi ya 1,518, baada ya siku kadhaa za kukaa mezani, hayumo katika orodha hiyo. Kati yake na dola 15,000 palikuwa na mtu mmoja tu.

Hebu jiweke katika nafasi ya wale waliokuwa wamebaki na vipande vichache wakati ule. Ungefanya nini? Bila shaka ungejikunyata, ukatupa karata zako kila mara na kumwomba Mungu mwingine atangulie kutoka. Basi mwenye fungu kubwa anakutazama, na anajua hivyo.

Tiketi tatu, watu wanne

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kuna mashindano ambayo zawadi zake ni tiketi tatu za ndege za kwenda Nairobi na kurudi. Wamebaki watu wanne. Atakayetoka kwanza atarudi nyumbani mikono mitupu, na watatu watakaobaki watapata tiketi sawasawa. Hakuna ziada kwa wa kwanza.

Tuwape majina. Tajiri ana vipande 500. Wastani ana 200. Kiasi naye ana 200. Mnyonge ana 100. Jumla ni 1,000.

Tajiri anatazama karata zake, au pengine hazitazami kabisa, kisha anasukuma vipande vingi mbele. Kiasi na Mnyonge wanatupa zao. Wastani, ili abaki katika mgao huo, ni lazima aweke vipande vyake vyote 200. Je, akubali?

Ipo kanuni ya kukadiria jambo hili. Mtaalamu wa takwimu wa Marekani, David Harville, aliichapisha mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi, na baadaye wachezaji wa poka wakaichukua. Kwa kanuni hiyo, Wastani akikaa na vipande vyake 200, nafasi yake ya kupata tiketi ni kama 78 katika 100. Si mbaya hata kidogo. Akikubali na kushinda, atakuwa na vipande 400, na nafasi yake itapanda hadi kama 92 katika 100. Akikubali na kushindwa, amekwisha.

Umeona hapo? Vipande vimeongezeka maradufu, lakini nafasi ya tiketi imeongezeka kwa 14 tu. Anahatarisha 78 ili apate 14. Ili kukubali kuwe na faida, Wastani anahitaji kuwa na hakika ya kushinda kama mara 85 katika kila mara 100.

Karata gani zinampa mtu hakika ya namna hiyo? Tuseme Tajiri anasukuma na karata zozote alizonazo. Ree mbili, yaani zile karata mbili za A ambazo hakuna jozi inayozishinda mwanzoni, hushinda karata za kubahatisha kama mara 85 katika 100. Wafalme wawili hushinda kama mara 82. Maana yake, msomaji, ni kwamba Wastani akiwa na wafalme wawili, karata ambazo katika saa nyingine yoyote angezipiga busu, hapa inampasa azitupe. Anatupa karata ya pili kwa ubora duniani mbele ya mtu ambaye huenda ana saba na mbili.

Wahenga walikwishasema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Wastani hakosei anapotupa. Anafanya jambo la busara. Na Tajiri anamla kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ana busara.

Kwa upande wake Tajiri, mambo ni mepesi. Wastani akikubali na kumshinda, Tajiri atabaki na vipande 300, bado ni wa pili kati ya wanne. Kosa lake humpunguzia tu, bali kosa la Wastani humtoa. Huo ndio utajiri wenyewe: kuweza kukosea na bado ukawepo.

Kuna na jambo jingine. Wakati Tajiri na Wastani wanapogongana, Kiasi na Mnyonge wanakaa pembeni wakitabasamu, maana mmoja akitoka wao wamepata tiketi bila jasho. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kwa hiyo Wastani akijitia ushujaa, gharama ni yake na faida kubwa ni ya watazamaji.

Mipaka ya mabavu

Usidhani lakini kwamba mwenye fungu kubwa anaweza kumsukuma yeyote. Mjuzi wa mchezo huu huchagua wa kumtisha, na wako watu asiowagusa.

Wa kwanza ni tajiri mwenziwe. Mwenye fungu linalokaribia lake anaweza kumfilisi kwa mgao mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wenye busara hupishana mpaka wadogo wamalizike.

Wa pili, na huyu huwashangaza wengi, ni Mnyonge mwenyewe. Yule mwenye vipande vya kubahatisha, ambaye dau la lazima litammaliza katika mizunguko miwili au mitatu, hana tena cha kulinda. Mfa maji haishi kutapatapa. Ukimsukuma atakubali na karata yoyote, kwa sababu kukataa nako ni kufa. Wa kusukumwa ni mtu wa katikati: mwenye cha kutosha kumfanya aogope kukipoteza, lakini kisichomtosha kujitetea.

Wa tatu ni asiyejua hesabu. Mtu aliyeingia mezani bila kujua hata zawadi zinaanzia wapi hawezi kuogopa mpaka asiouona. Mbele yake hila hii ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Tena hila hii ina saa yake. Mara tu yule wa mwisho asiye na zawadi anapotoka, hofu huondoka mezani kama moshi. Waliokuwa wamejikunyata wanainua vichwa na kuanza kusukuma wao, maana sasa lolote litakalotokea hawatoki bure. Tajiri asiyeyatambua mabadiliko hayo, akaendelea na ubabe wake, hugawa upya kila alichokusanya.

Aliyejulikana sana kwa kulitumia fungu lake ni Mmarekani Jamie Gold. Mwaka 2006, katika shindano kuu la Las Vegas lenye watu 8,773, aliongoza kwa vipande siku baada ya siku. Aliwasukuma wenzake kwa dau na kwa maneno, mara nyingine akiwaambia kweli kuhusu karata zake nao wasimwamini, mpaka akaondoka na zawadi ya dola milioni 12.

Sisi wa Pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Muulize mzee yeyote anayejua bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo unapoanza, kete sita zimo katika nyumba, na 22 zimewekwa akiba mkononi. Nyumba ikishiba, mpinzani hawezi kupanga kete zake bila kuifikiria, hata kabla haijavunjwa. Inatisha kwa kukaa tu. Lakini nyumba hiyo hiyo imo katika safu ya mbele, na mpinzani akipata njia ya kuila, huibeba nzima. Mrundo hutisha, lakini pia hualika.

Stendi ya teksi

Sasa tutoke mezani twende Airport. Mtaa huu umechukua jina la uwanja wa ndege wa Moi, na anayefika kwa ndege hukutana kwanza na madereva wa teksi.

Chukulia ni jioni, na abiria wa ndege ya mwisho wanatoka na mizigo yao. Madereva wawili wamesimama. Wa kwanza gari ni lake, na leo amekwisha kwenda Nyali mara mbili. Wa pili gari ni la mwenyewe, tangu asubuhi hajapata safari, na usiku huu anatakiwa apeleke hesabu.

Mama mmoja anataka kwenda hadi feri ya Likoni, na anataja bei ya chini. Dereva wa kwanza anamjibu kwa upole, "Mamangu, hapo hatufiki. Jaribu wenzangu." Wa pili anachukua begi kabla mama hajamaliza kusema. "Haya mama, ingia twende."

Barabara ni ileile, kupitia Magongo, Changamwe na Makupa. Foleni ni ileile na mafuta ni yaleyale. Kinachowatenga madereva hawa si ujuzi. Mmoja anaweza kungoja, mwingine hawezi. Wa kwanza ana karata mbaya pia, kwa sababu huenda abiria mwingine asije. Lakini akikosa, atalala salama. Wa pili akikosa, kesho huenda hana gari.

Geuza upande wa pili. Abiria anayetoka Likoni kwenda kupanda ndege, amecheleweshwa na feri, saa zinayoyoma na tiketi yake hairudishiwi fedha. Sasa ni yeye mwenye fungu dogo. Dereva akimtajia bei mara mbili, atatukana moyoni na kulipa.

Utayaona hayo hayo mwenye nyumba anapozungumza na mpangaji ambaye shule za watoto ziko mtaani hapo hapo, na tajiri wa kazi anapozungumza na kibarua aliyeacha jiko bila unga. Aliye na uwezo wa kuondoka ndiye anayetaja bei.

Somo hapa kwa familia ni la zamani, ila sasa lina hesabu yake. Akiba haiozi. Fedha kidogo ulizoweka kando, kodi ya mwezi mmoja au karo ya muhula mmoja, kazi yake si kununulia vitu tu. Zinakununulia haki ya kusema, "Hapo hatufiki." Chama cha kina mama kinachochanga kila juma kinawatoa wanachama wake katika nafasi ya Mnyonge na kuwaweka mahali ambapo hawawezi kusukumwa kwa urahisi. Hiyo ndiyo njia ya halali ya kukuza fungu.

Ndege ya simuni

Najua yuko msomaji, hasa kijana wa chuo, aliyefika hapa akasema moyoni, "Vyema. Nami nitakuwa Tajiri." Ndugu yangu, ngoja kwanza.

Katika mashindano tuliyoyaeleza, wote walianza na vipande sawa, na anayeshindwa hupoteza kiingilio peke yake. Fungu kubwa lilipatikana mezani na linaweza kupotea mezani. Lakini kamari inayotuzunguka mijini haiko hivyo. Unapobofya simu yako kucheza, huketi na watu watatu wa kimo chako. Unaketi na kampuni. Na katika meza hiyo Tajiri ni mmoja, hajawahi kuwa mwingine.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kitabu kidogo juu ya hesabu za michezo ya bahati, na ndani yake mna swali la wachezaji wawili wanaocheza mpaka mmoja afilisike. Hebu tulitumie kwetu. Wewe una shilingi 1,000, na mwenzio ana 1,000,000. Mnarusha sarafu isiyo na hila, shilingi moja moja, mpaka mmoja aishiwe. Sarafu haimpendelei yeyote. Je, nafasi yako ya kumfilisi ni ipi? Ni moja katika 1,001. Mchezo ni wa haki kabisa, na bado umekwisha kabla ya kuanza, kwa sababu yeye anaweza kukosea mara elfu akawepo, na wewe huwezi.

Na hiyo ni sarafu ya haki. Mashine si ya haki. Tazama ule mchezo wa Aviator, ambao vijana wameupenda mno. Kindege hupaa simuni na faida yako inapanda nacho, na unatakiwa ujitoe kabla hakijatoweka. Watengenezaji wenyewe hutangaza kwamba kati ya kila shilingi 100 zinazowekwa, kwa wastani 97 huwarudia wachezaji. Kijana husikia 97 akafurahi. Lakini hachezi mara moja. Mwenye 1,000 akiziweka zote, kisha akaweka zote zilizorudi, na kuendelea hivyo, baada ya mara 50 wastani wa kinachobaki ni kama shilingi 218. Na hizo mara 50 hazimalizi hata saa moja.

Watoto wa Changamwe wamezaliwa wakitazama ndege za kweli zikipaa na kutua juu ya mapaa yao. Ile ya simuni haina mahali pa kutua. Kazi yake ni kutoweka.

Serikali imejaribu kuliingilia jambo hili. Kampuni ya SportPesa ilianza kazi nchini mwaka 2014 na wengine wakafuata, malipo yakipita kwenye simu. Mwaka 2019 kampuni kadhaa zilinyimwa leseni, lakini mchezo haukukoma. Mwaka 2025 ilipitishwa Sheria ya Kudhibiti Kamari, kuchukua mahali pa ile ya mwaka 1966, na mtu asiyefikisha miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sheria ni njema. Lakini sheria haimwoni mtoto aliyejifunika shuka usiku na simu ya babake. Wa kumwona ni wewe mzazi.

Mzazi, zitambue dalili. Kijana aliyepoteza fedha za HELB au karo hafanani na Wastani anayetupa wafalme wake kwa hesabu. Anafanana na Mnyonge. Amekwisha kuona kwamba anazama, kwa hiyo hukubali lolote: anakopa, anauza simu, anaweka yote mara moja ili arudishe yaliyokwenda. Watu wa nje humwita mpumbavu. Ukweli ni kwamba anafanya lile ambalo kila mwenye fungu lililokwisha hufanya. Ukimkaripia tu, unamzidishia hofu, na hofu ndiyo chakula cha aliyeketi naye. Mketishe, mfanye aseme deni lote ni kiasi gani, na mpange pamoja namna ya kulilipa kidogo kidogo, ili asione kwamba mlango wa pekee uliobaki ni kubahatisha tena.

Na wewe unayejiona fundi, msikilize Stu Ungar. Mmarekani huyu alishinda shindano kuu la Las Vegas mwaka 1980, akarudia mwaka 1981, na akashinda tena mwaka 1997, safari hiyo kwa dola milioni moja. Wengi humhesabu kuwa hodari kuliko wote waliopata kuketi mezani, na alipokuwa na fungu kubwa hakuna aliyepumua. Novemba mwaka 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli ya bei ndogo mjini humo, akiwa na umri wa miaka 45. Kamari nyingine na dawa za kulevya vilikuwa vimekula alichokishinda. Wenzake walichangishana kumzika. Kwenye poka alikuwa Tajiri. Katika meza nyingine zote alizokaa, alikuwa Mnyonge bila kujua.

Jaribuni nyumbani

Tumalize na jambo la kufurahisha, ambalo laweza kufanyika leo alasiri bila senti moja kubadilisha mkono. Wakusanye watu wanne. Wagawie punje za kunde: mmoja 50, wawili 20 kila mmoja, wa mwisho 10. Andikeni namba 1 hadi 13 kwenye vijikaratasi, seti nne, mvichanganye. Kila mgao, kila mtu aweke kunde moja ya lazima katikati, kisha achukue kijikaratasi kimoja na kukitazama kwa siri.

Mwenye 50 aanze. Anaweza kutupa, au kuongeza dau apendavyo, na wengine waamue kulifikia au kutupa. Anayeishiwa kunde aweze kukubali kwa alichonacho tu. Mwenye namba kubwa kati ya waliobaki huchukua zote. Zawadi ni mandazi matatu, kwa watu watatu watakaobaki mwenzao mmoja akitoka.

Tazameni nyuso. Mtaona mtoto mwenye namba 12 mkononi akiitupa kwa uchungu, na mwenye 50 akichukua kunde akiwa na namba 2.

Kisha badilisheni sharti moja tu: andazi ni moja, na ni la mshindi wa mwisho peke yake. Chezeni tena. Hofu itakuwa imepungua, na mwenye 50 hataweza tena kusukuma hivi hivi, kwa sababu kuwa wa tatu hakuna faida. Kunde ni zilezile na watu ni walewale. Kilichobadilika ni mahali palipowekwa zawadi.

Mkimaliza, muulize mwanao swali hili: "Aliyepanga zawadi zikae pale ni nani, na yeye anapata nini?" Akilizoea swali hilo mbele ya sahani ya mandazi, atakumbuka kuliuliza siku atakapoona tangazo la utajiri wa haraka simuni.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa, nakutakia mapumziko mema na kunde tele.